Uyoga Uliouficha Jikoni kwa Mama

Amsterdam, Uholanzi
Jumapili mchana

Kwako Idi, mdogo wangu,

Ningekujulia hali kama ilivyo ada, lakini hali yako naijua. Unakula, unalala, na Nasra ananiambia hata mashavu yameongezeka. Hali ninayoiulizia kila siku ni ya mama, na wewe unayeishi naye nyumba moja hapo Utemini ndiye usiyenijibu. Mimi mwili ni mzima, mgongo tu ndio unanisumbua kwa kuinamia mabafu ya watu. Roho ndiyo mbaya. Najua ukiuona mwandiko wangu utasema "shikamoo dada" kwa mazoea. Iweke kwanza, sijafika mahali pa kuipokea.

Utashangaa kuletewa karatasi zama hizi. Umenifungia kwenye simu, Idi. Nikipiga haiiti, nikiandika ujumbe haufiki, unadhani dada yako ni mshamba hajui maana yake. Basi barua hii ameibeba mama mmoja wa Dodoma ninayesali naye msikiti mmoja hapa, anakwenda nyumbani kumwoza mwanawe. Nimemwomba afike mpaka Singida akupe mkononi, na asinyanyuke mpaka akuone umeifungua. Ni mtu mzima, mpe kiti na chai. Yaliyomo humu hayajui, na wala hayafai kuzunguka kwenye simu za watu.

Nakusimulia ya siku ile kwa sababu wewe hukuwepo. Ulikuwa kwenye banda la mpira na wenzako. Nimeyapata kwa Nasra, nimeyapata kwa mama, na kipande kingine nimekipata kwako mwenyewe kabla hujanifungia. Usije ukasema dada amelishwa umbea.

Wageni walitoka Shelui watatu: mshenga, Mzee Mkumbo ambaye ni baba mkubwa wa Hamisi, na shangazi yake huyo Hamisi. Wamekuja kumposa Nasra, mdogo wetu wa mwisho, binti aliyesubiri siku hiyo mpaka akakonda. Mama alichinja majogoo mawili. Lakini unawajua Wanyiramba wenzake: mgeni wa kwao humwekei kuku peke yake, lazima umtilie na mboga ya nyumbani, ili akinawa aseme leo nimekula kwetu. Kiangazi hiki uyoga mbichi angeutoa wapi? Akapanda kigoda, akateremsha lile kapu la uyoga mkavu linaloning'inia juu ya jiko, ambalo ndugu zake wa Iramba humletea baada ya masika. Ndani akakuta kifuko. Uyoga msafi, vikonyo vyembamba, umekaushwa ukakauka, umefungwa vizuri. Unajua alisema nini? Nasra alikuwa anamenya vitunguu pembeni, alimsikia. Alisema, "Mwone Idi wangu, kumbe ameniletea uyoga wa Arusha na wala hakusema!"

Alifurahi, Idi. Alidhani ni zawadi.

Akaumimina wote kwenye bakuli, akauloweka kwa maji ya vuguvugu, akatwanga karanga. Ananiambia maji yaligeuka rangi kidogo, samawati iliyofifia, akadhani ni wino wa kile kifuko. Akayamwaga akaweka mengine. Mwanamke aliyepika uyoga tangu hajavunja ungo angeutambua ule wa porini wenye sumu hata gizani. Ila huu haukutoka porini. Ulitoka mkononi mwa mwanawe, na cha mwanawe hakukinusa mara mbili.

Na wewe msomi wa chuo, dereva wa watalii, ulikaa ukafikiri ukaona hakuna mahali pazuri pa kuficha uyoga kama katikati ya uyoga. Mwizi hatautambua, polisi hatautambua. Ulijiona mjanja kweli. Kapu la mboga la mwanamke wa Kinyiramba si kabati la mtu, Idi. Ni chakula kinachomsubiri mgeni. Hata paka wa nyumba ile analijua hilo.

Walikula. Mzee Mkumbo ndiye aliyekula zaidi, akasifu, akasema hajala uyoga wa karanga namna ile tangu mkewe afariki. Nasra hakuonja, mwali anayeposwa ana haya zake. Mama kama kawaida yake alikula jikoni kilichobaki kwenye chungu, akakwangua na mwiko. Chai haijamiminwa, shangazi mtu akaanza kupiga miayo, mara kicheko, na kicheko kile kikakataa kukoma mpaka kikageuka kilio. Mshenga akajikunja pembeni akawa anatapika. Mzee Mkumbo akauinamia mkeka, akasema mistari inatembea, mwondoeni mtoto asikanyagwe, na mtoto hakukuwapo. Kisha akatazama pazia la chumbani akauliza, "Nani amewaambia mumwite mke wangu?" Akasimama akatoka peku, mbio, barabarani. Bodaboda nusura imgonge. Akaanguka kwenye mtaro akavunjika kifundo cha mkono, na alipofikishwa hospitali presha ilikuwa imepanda mpaka muuguzi akamwita daktari kwa kupiga kelele. Mzee wa presha, Idi. Kila mtu anajua ana presha, alikataa hata chumvi mezani.

Majirani walipoingia walimkuta mama jikoni ameshika mwiko, anausemesha ukuta. Nasra anasema alikuwa akiutazama mkono wake na kuuliza huu ni wa nani, urudisheni kwa mwenyewe. Ndipo Mama Shua, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyekopeshwa chumvi na mama maisha yake yote, akasimama mlangoni akapiga ukelele: "Umemrudia! Jamani, uchawi umemrudia mwenyewe!"

Ndivyo lilivyoanza. Kama mama asingekula, pengine wangesema ni ajali. Amekula na yeye akachanganyikiwa, basi ushahidi umetimia kwao.

Hospitali walipima wasione kitu, na jioni ileile wote wakarudiwa na akili zao. Hilo nalo likawa kosa jingine. Nasra alikwenda Shelui kuomba radhi, Mzee Mkumbo akamjibu barazani, mkono umefungwa, mbele ya watu: "Binti, sumu inashika tumbo. Hiki kimeshika akili, kikaichezea, kikairudisha. Hiyo si sumu. Huo ni mkono wa mtu." Posa imevunjwa. Hamisi amebadilisha namba ya simu. Mafuta ya alizeti anayouza mama pale barazani hayanunuliwi tena, wateja wanavuka upande wa pili wa barabara. Mabati yamepigwa mawe. Na sasa Nasra ananiambia baadhi ya vijana wa mtaa wanapita nyumba kwa nyumba wakichangisha ili walete mganga wa kufichua wachawi, yule mnayemwita lambalamba, amnyoe mama nywele hadharani na kumchanja. Wewe umezaliwa Singida. Unajua kikongwe aliyenyolewa na lambalamba huwa anaishi vipi baada ya hapo, na wapo ambao hawakuishi.

Katika yote hayo, wewe umekaa kimya. Unaingia, unakula, unatoka.

Usidhani sijui. Siku ileile ulinitumia sauti kwenye simu, unahema kama uliyefukuzwa: "Dada, wewe uko huko wanakokula hiki kitu, kinaisha baada ya saa ngapi? Kinaua?" Hukuuliza mama yukoje. Nilipokubana ukaniambia yote, kwamba mtalii mmoja alikuachia kile kifuko Arusha kama asante, kwamba ulikuwa unakula kidogo kidogo kuondoa mawazo kwa kuwa umesoma kwamba kinatibu, na kwamba ulikiweka jikoni "kwa muda". Nikakwambia nenda ukaseme. Ukanijibu maneno ambayo mpaka leo yananichoma: hakuna aliyekufa, dada, watu watasahau, na isitoshe huko kwenu ni halali, ni dawa.

Huko kwetu! Basi ngoja nikupe habari za huku kwetu, maana ndizo unazojifanya kuzijua kupitia simu.

Kazi yangu unaijua, nasafisha vyumba kwenye nyumba ya wageni. Hapa mjini uyoga wenyewe zamani ulikuwa ukiuzwa wazi dukani. Wageni vijana wakaumia, wengine walijirusha kutoka juu, serikali ikaupiga marufuku. Wafanyabiashara ni wafanyabiashara, wakahamia kwenye vinundu vyake vinavyoota chini ya udongo, kwa kuwa sheria ilitaja uyoga na vinundu haikuvitaja. Ndiyo hiyo halali yako. Ukikutwa na kifuko kama kile ulichoficha jikoni, hata hapa una kesi.

Ni mimi ninayeokota baada ya hiyo halali. Si kila siku, na wala sikudanganyi kwamba wote wanaharibikiwa. Wengi wanacheka, wanalala, kesho yake wanaomba mayai. Lakini asubuhi moja nimefungua chumba nisafishe, nikasikia mtu analia ndani ya kabati la nguo. Kijana mkubwa, ndevu zimejaa, amejikunja kati ya viatu. Akaniuliza kama yeye amekufa. Nikakaa chini na ndoo yangu, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuombea kazi: upo, unapumua, hiki ni chumba, mimi nasafisha. Nikamaliza nikaanza upya, mpaka koo likakauka. Alinishika kidole hiki kidogo, sijawahi kushikwa na mtu mzima mwenye hofu kiasi kile. Alipotulia akaniambia ameishi miaka mingi mle kabatini. Na kijana huyo, Idi, alijua anachokula. Alikichagua, alikinunua, rafiki zake walikuwa chumba cha pili. Mzee Mkumbo alijua anakula mboga. Mama alijua ameletewa zawadi. Wao ukuta ulipoanza kupumua hawakuwa na la kujiambia ila kwamba wamelogwa au wanakufa, na sijui lipi kati ya hayo ni jepesi.

Mwingine alikuja kuchukuliwa na baba yake. Dawa ilikwisha mwilini lakini sauti hazikwisha. Siku zilipita bado anazungumza na bomba la maji. Daktari aliwaambia kwamba ugonjwa ulikuwa umelala kwenye ukoo wao na kile kitu kimeuamsha. Nilipokuwa natandika kitanda chake nilimkumbuka baba mdogo Athumani, alivyokuwa anabishana na redio iliyozimwa mpaka siku alipopotea. Damu ile ile unayo wewe, ninayo mimi. Na bado unakaa unakula kidogo kidogo, unajiita daktari.

Sikatai kwamba kuna hospitali za huku wanaujaribu kwa wagonjwa wa huzuni nzito. Mwenzangu wa kazini ana dada yake aliyekubaliwa. Walimpima moyo, walimuuliza habari za ukoo wake mpaka bibi, wenye presha mbaya na wenye wazimu kwenye ukoo wanawarudisha nyumbani. Siku yenyewe wahudumu wawili walikaa naye kitako mpaka ikaisha, na kabla ya hapo na baada yake mazungumzo juu ya mazungumzo. Anasema amepata nafuu, na mimi namwombea nafuu yake idumu. Hiyo ni hospitali. Hakuna aliyemtilia kwenye mchuzi wa karanga akaenda kutazama mpira.

Na sheria ya kwetu unaijua vizuri kuliko unavyojifanya, ndiyo maana ulificha. Mtu haifichi dawa ya kikohozi. Kitu kilichomo kwenye uyoga ule kimo kwenye orodha ya dawa za kulevya Tanzania, sawa na nyingine zote, na kukutwa nacho ni jela, tena si jela ya kwenda na kurudi. Hilo ndilo linalokufunga mdomo. Simdharau mtu kwa kuiogopa jela, hata mimi ningeiogopa. Ninachokidharau, na nakiandika kwa herufi nzima ili usiseme hukukisoma, ni kijana wa kiume kuweka mgongo wa mama yake kati yake na jela. Mawe yanapigwa kwenye bati ambalo na wewe umelala chini yake. Unayasikiaje yakianguka? Unajifunika shuka?

Usinijibu kwamba umefanya utafiti. Usinijibu kwamba watu wa mtaa ni wajinga. Ni wajinga kwa sababu mwenye ukweli amekaa nao bandani anakula muwa. Mama Shua nimemchukia mwezi mzima, lakini Mama Shua amesema alichokiona. Wewe umeona yaleyale, unajua chanzo chake, na umemwacha aendelee kusema.

Sasa nakueleza kilichonifanya niandike, maana mpaka hapo ningeweza kukuacha na Mungu wako.

Ijumaa iliyopita nilikata shauri. Namba ya mwenyekiti wa mtaa ninayo. Nikasema nampigia, namwambia kifuko kilikuwa cha nani, mama asafishike, wewe ukapambane na serikali. Lakini nikaona si haki mama asikie kutoka barabarani kwamba mwanawe ndiye. Nikapiga simu ya Nasra, nikaomba nipewe mama. Mama akamtuma Nasra dukani, nikamsikia anafunga mlango. Nikamwambia, mama, najua siku ile ilikuwaje. Si wewe, wala si uchawi. Ni Idi, ndiye aliyeweka kitu kwenye kapu lako.

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza unajua tangu lini. Akasema, "Tangu kesho yake asubuhi. Nilipopata akili nilikwenda kuosha vyombo, nikakiona kile kifuko pale kwenye kuni. Kina maandishi ya Kizungu na picha ya jicho. Mimi sikusoma lakini si mjinga, Saumu. Nikakitia motoni kabla mwenyekiti hajaja kuuliza maswali."

Amekichoma yeye, Idi. Kitu pekee ambacho kingeonyesha kwamba hana hatia, amekichoma kwa mkono wake, akachochea majivu.

Nililia, nikamgombeza, nikamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Akanijibu kwa ile sauti yake anayotumia akipima mafuta: "Mimi nimezeeka. Wakiniita mchawi, wataniita miaka mingapi? Yeye wakimfunga, atatoka mimi nimeshaoza. Nani atanishusha kaburini, wewe wa Ulaya?" Nikamwambia basi nampigia mwenyekiti leo hii, utake usitake. Ndipo akanitisha, mama yetu yule asiyemtisha hata kuku. "Piga. Ukimtaja mdogo wako, nitasimama mbele ya mkutano wa mtaa niseme ni kweli, mimi ndiye, nimewaloga. Tuone watamwamini nani, wewe uliyeko huko au mimi niliyeko hapa."

Na atasema. Unamjua. Akikiri kwa mdomo wake, hatangojwa hata huyo lambalamba.

Kwa hiyo mikono yangu imefungwa. Nasra hajui, na hata akijua mama atamkana. Mwenyekiti hana ushahidi, hospitali hawakuona kitu, kifuko ni majivu. Amebaki mtu mmoja tu chini ya jua anayeweza kumtoa mama mahali alipo, na mtu huyo anasoma barua hii huku mgeni wangu anakunywa chai.

Mama huyo aliyekuletea barua ana binti yake wakili pale Dodoma. Nimezungumza naye bila kutaja jina lako. Hakuniahidi kitu, na mimi sikuahidi wewe. Amesema mtu anayekwenda mwenyewe, na wakili wake, akaeleza kwamba hakuuza wala hakukusudia, husikilizwa tofauti na aliyeburutwa, lakini hakimu ni hakimu na sheria ile ni kali. Yupo tayari kukusindikiza. Kabla ya polisi, nenda Shelui. Mwambie Mzee Mkumbo kwa kinywa chako alichokula na kilichomletea mkewe kwenye pazia. Ana haki ya kujua kwamba hakulogwa na kwamba hana wazimu. Yule mzee halali, Nasra ameambiwa, anaogopa mapazia.

Nilitaka kumalizia kwa kukulaani. Nimeandika laana hiyo nikaichana, kwa sababu laana ya dada mkubwa kwetu si maneno ya kuchezea na kwa sababu mama angejua. Lakini lipo jambo moja. Mama aliniapisha kwa jina la marehemu baba kwamba sitakuambia kuwa anajua. Nilimuuliza kwa nini, kama ameshaamua kukubebea. Akasema, "Akijua kwamba najua, ataona aibu kunitazama. Atahama nyumba." Hiyo ndiyo hofu yake. Si mawe, si wembe wa lambalamba. Anaogopa utashindwa kumtazama usoni, uondoke.

Kiapo hicho nimekivunja kwenye karatasi hii, nitajibu mimi kwa Mungu. Kwa hiyo kesho asubuhi akikuwekea chai, akikuuliza umelalaje baba, ujue kwamba anajua. Jana alijua. Siku zote hizi amekuwa akikumiminia chai hiyo akijua.

Nisalimie Nasra mdogo wetu, mwambie asimfuate Hamisi, aliyekimbia kwa sababu ya chungu angekimbia kwa mengine. Nisalimie mjomba wa Iramba anayemletea mama uyoga, mwambie mwaka huu asiache kuleta. Shangazi wa Shelui mpe pole yangu utakapofika, na utafika. Mama Shua sina salamu zake.

Mama usimpe salamu kutoka kwangu. Ukiingia kwake, ingia na neno lako.

Mimi dada yako,
Saumu